Ukurasa wa boti na mwongozo uliokataa kuandikika: kisa kutoka Lamu

Kazi iliyoombwa ilikuwa ndogo na ilielezwa kwa sentensi moja: chama cha wenye boti za abiria mjini Lamu kina ukurasa mpya wa kukatia nafasi, abiria hawautumii, basi atafutwe mtu awaandikie mwongozo wa kuutumia. Mtu aliyepatikana nilikuwa mimi. Mwongozo ulitakiwa uwe na kurasa nne, wenye picha za skrini na mishale myekundu, ubandikwe jeti, yaani gatini, na nakala yake itumwe kwa WhatsApp. Mpaka leo mwongozo huo haujaandikwa wala hautaandikwa. Sababu za kutoandikwa ndizo ninazotaka kuzichambua hapa, kwa kuwa zinaonyesha mwandishi wa kiufundi ana kazi gani hasa pale ukurasa wa tovuti unaposanifiwa.

Kwanza hali yenyewe. Boti zinazozungumzwa si za Mokowe, kule bara ng'ambo ya Lamu. Za Mokowe hazihitaji ukurasa: unafika jeti, boti ikijaa inang'oa. Hizi ni za kisiwa cha Pate, zinazokwenda Mtangawanda, Siyu, Faza na Kizingitini. Abiria wake ni mama aliyemleta mtoto hospitali ya King Fahd na sasa anarudi kwao, mwanafunzi anayekwenda likizo, mfanyabiashara mwenye magunia ya unga, mzee aliyekuja mjini kufuata kitambulisho. Mtalii yumo, ila ni mmoja kati ya wengi.

Ukurasa ulisanifiwa na kijana hodari wa Mombasa, na bila shaka akilini mwake alikuwa na yule mtalii. Juu kabisa palikuwa na video ya jahazi linalopita machweo, chini yake maneno ya kukaribisha wageni katika mji ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, chini tena ratiba, na mwisho kabisa fomu ya kukatia nafasi. Kwa sura ulipendeza, na sitaki msomaji afikiri ulikuwa ukurasa wa ovyo. Nimeona kurasa za ofisi kubwa zilizo mbaya kuliko huo mara kadhaa.

Mwongozo hauandikwi kwa kukaa mezani na kuutazama ukurasa. Unatafuta mtu asiyeujua, unampa simu, unamwambia anachotaka kufanya, kisha unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Basi nikakaa jeti asubuhi, nikawaomba abiria waliokuwa wanasubiri wajaribu kukata nafasi ya kesho, nami nikawa naandika kila kidole kilipokwenda na kila swali lililonijia. Baadaye nikaanza kupanga hatua: moja, fungua ukurasa, mbili, chagua unakokwenda, na kuendelea. Nina kawaida moja katika kazi hii: hatua ikidai neno "isipokuwa", "lakini" au "hakikisha", naipigia mstari. Si kwamba maneno hayo ni mabaya. Ni kwamba kila linapoingia, kwa kawaida kuna kitu kwenye chombo chenyewe ambacho mtumiaji anaombwa akibebe kichwani kwa niaba ya mtengenezaji.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mistari mingi kuliko sentensi safi.

Jumatatu gani?

Hatua ya tatu ilikuwa "angalia saa ya boti yako kwenye ratiba". Ratiba ilikuwa jedwali nadhifu: safu za siku, Jumatatu hadi Jumapili, na nguzo za vituo. Kila penye Siyu palikuwa pameandikwa saa ileile. Nikaenda kwa nahodha mmoja anayepeleka boti Siyu kuhakiki.

"Nipe saa zako za kuondoka niziandike."

"Za siku gani?"

"Tuanze Jumatatu."

"Jumatatu gani, sheikh?"

Swali hilo ndilo lililovunja jedwali zima, na anayejua bahari ya kwetu ameshaelewa. Siyu inaingiwa kwa mto wa mikoko ambao maji yakipwa haupitiki. Njia yenyewe ya kutoka Lamu kwenda Pate hupita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, mwembamba wenye mikoko pande zote mbili, na nahodha huupima kwa maji kabla ya kuupima kwa saa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku mpya hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Zidisha dakika 50 kwa siku 7: unapata dakika 350, yaani karibu saa sita nzima. Na saa sita ndio umbali uliopo baina ya maji kujaa na maji kupwa. Maana yake, saa ambayo maji yamejaa Jumatatu hii ndiyo saa ambayo yamekupwa Jumatatu ijayo. Wiki hii bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, wiki ijayo maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, wiki ya tatu bamvua tena.

Kwa hiyo ratiba ya wiki, ambayo kwa basi la Mombasa ndiyo njia bora ya kupanga safari, kwa boti ya Siyu ndiyo njia mbaya kuliko zote zinazowezekana. Ratiba ya mwezi mwandamo ingekuwa na nafuu. Hata ukichagua siku kwa kura ungekosea kidogo kuliko hapo. Pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa alfajiri na alasiri na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na tofauti hiyo hupungua sana. Mzee yeyote wa Siyu anajua haya bila kuandikiwa. Aliyekuwa hayajui ni ukurasa.

Sasa tazama mwandishi alivyowekwa. Angetii alichoagizwa, angeandika hatua ya tatu hivi: "Angalia saa ya boti kwenye ratiba, lakini kumbuka kwamba boti za Siyu hufuata maji, kwa hiyo hakikisha umempigia nahodha." Sentensi hiyo ni sahihi na ni ya Kiswahili kizuri. Ni sentensi pia inayomwambia abiria asiuamini ukurasa anaousoma. Ukishaandika hivyo umeharibu mambo mawili kwa pamoja: jedwali limebaki, na mwongozo umelikana.

Nilichofanya ni kupeleka swali badala ya sentensi. Kwa nini pawe na wiki nzima? Abiria niliowatazama jeti waliuliza mambo mawili tu: boti ipo leo, au boti ipo kesho. Hakuna aliyeuliza Alhamisi ya wiki ijayo isipokuwa wageni wawili, nao walikuwa tayari kupiga simu. Jedwali likaondolewa, pakawekwa sehemu mbili, LEO na KESHO, kila moja ikiwa na tarehe yake kamili. Karani wa chama hujaza saa za kesho jioni kwa simu yake baada ya kuzungumza na manahodha. Majedwali ya maji huchapishwa ya mwaka mzima mapema, na karani analo, ila neno la mwisho ni la nahodha, kwa kuwa upepo wa kusi ukipanda hauangalii jedwali.

Hapo likazuka lililo la mwandishi kuliko yote. Karani akisahau je? Akiwa na maziko, au simu imezima chaji? Msanifu alikuwa amepanga kwamba pasipowekwa kitu kipya, kile cha zamani kibaki, ili ukurasa usionekane mtupu. Kwa gazeti ni sawa. Kwa boti, saa ya jana ni uongo wenye sura ya ukweli. Nikaandika sentensi ya kuonekana pale saa zinapokosekana: "Saa za leo hazijawekwa. Piga simu ofisini," kisha namba inayobonyezeka. Hiyo ni sentensi ndogo, na kama ningepewa nafasi ya kubakisha sentensi moja tu katika kazi nzima, ningebakisha hiyo. Mwandishi wa kiufundi huandika zaidi ya yale yanayosomwa mambo yakienda vizuri. Yanayosomwa mambo yakikwama ndiyo mengi, na hayo hakuna mtu huyachora kwenye picha ya kwanza ya ukurasa anapoipeleka kwa mteja.

Kulikuwa na shida ya saa yenyewe pia. Ukurasa uliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha programu ikaugeuza, na saa moja asubuhi ikatoka "saa 7:00 asubuhi". Vijana hucheka na kuelewa, kwa kuwa wameshazoea kusoma simu na kuhesabu kichwani. Lakini wapo watakaofika jeti saa saba mchana wakiwa na mizigo yao. Tulikubaliana kuandika zote mbili bila kuona haya: "saa moja asubuhi, 07:00 kwa saa ya simu". Na kwa safari chache za usiku tukaweka tarehe badala ya kutegemea jina la siku peke yake, maana kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua likichwa, na usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa.

Herufi kumi

Hatua ya sita ndiyo iliyochukua nusu ukurasa katika rasimu. Abiria analipa nauli kwa Lipa na M-Pesa, anapata ujumbe, anaurudia ukurasa na kuandika msimbo wa malipo kwenye kisanduku. Msimbo una alama kumi, herufi na tarakimu zimechanganywa. Nilimtazama mama mmoja akifanya hivyo: anafungua ujumbe, anakariri herufi tatu, anarudi kwenye ukurasa, ukurasa unaanza upya kwa kuwa simu ina nafasi ndogo, anaanza tena. Safari ya pili akamwita binti yake asome kwa sauti huku yeye anaandika. Binti alisoma sifuri, mama akaandika O. Kisanduku kikageuka chekundu na ujumbe wa kosa ukatokea kwa Kiingereza, maneno mawili, bila kusema kosa ni lipi.

"Basi nitalipa palepale," akasema, akarudisha simu kwenye mkoba chini ya buibui.

Ningeweza kuandika: "Hakikisha hujachanganya sifuri na O. Usiache nafasi. Tumia herufi kubwa." Huo ndio mwongozo ambao watu wengi huuita mzuri, kwa kuwa umejaa tahadhari. Mtafiti John Carroll na wenzake walipokuwa kampuni ya kompyuta ya IBM miaka ya 1980 walichunguza jinsi watu wanavyojifunza programu mpya, wakaona kwamba watu hawasomi kitabu kwanza. Wanaanza kazi, wanakwama, ndipo wanatafuta msaada. Vitabu vifupi vilivyowaacha watu wafanye kazi viliwafaa kuliko vile vinene. Mama wa jeti hakuwa akisoma chochote. Alikuwa akisafiri.

Msanifu alipendekeza njia bora kwa haraka: nambari ya simu iandikwe, kisha kidirisha cha PIN kije chenyewe kwenye simu ya abiria, msimbo usiandikwe kabisa. Ni kweli ndiyo njia bora, na huko mbele chama kitafika. Kwa wakati ule hakikuwa na fedha za kuunganisha mfumo. Tukatafuta ya pili: abiria anakili ujumbe mzima na kuubandika, programu ichomoe zile alama kumi yenyewe. Nikaandika agizo la maneno manne: "Bandika ujumbe wa M-Pesa." Likawa safi, fupi, la kupendeza.

Nililifuta kesho yake. Ujumbe wa M-Pesa una salio ndani yake. Mama anabandika ujumbe ili apate nafasi ya kwenda Faza, na karani wa boti anajua amebakiwa na shilingi ngapi kwenye simu. Katika mji ambao kila mtu anamjua shangazi ya kila mtu, hilo si jambo dogo. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo inataka anayekusanya habari za mtu achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi. Basi ilibidi msimbo uchomolewe ndani ya simu yenyewe ya abiria na ujumbe uliobaki utupwe kabla ya kitu chochote kutumwa. Kijana alilifanya hilo kwa alasiri moja. Chini ya kisanduku tukaongeza: "Tunachukua namba ya malipo tu. Salio lako halitumwi." Sentensi hiyo haikuwezekana kuandikwa mpaka ilipokuwa kweli, na ndivyo ninavyopenda kazi iende: maandishi yanadai kitu, mtambo unatimiza, ndipo maandishi yanabaki.

Jambo la namba ya simu nilipita upesi. Fomu ilitaka ianze na +254, na haikusema. Watu wanaandika 07 au 01 kama walivyozoea. Hakuna haja ya maelekezo hapo. Mashine inajua kugeuza sifuri kuwa 254, iachiwe kazi hiyo.

Yaliyofichwa na jua

Mengine yalikuwa ya kawaida, ya aina inayokutwa kila mahali, ila jeti ya Lamu mnamo saa tano asubuhi huyaonyesha kuliko ofisi yenye kiyoyozi. Maandishi yalikuwa ya kijivu hafifu, rangi yenye msimbo #999999 juu ya nyeupe. Uwiano wa mwangaza kati ya rangi hizo mbili ni 2.85 kwa 1. Kanuni za WCAG, zinazotumika duniani kupima kama ukurasa unasomeka na watu wa kila hali, zinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na kijivu hafifu kuliko vyote kinachopita juu ya nyeupe ni #767676. Kwenye jua kali hata hicho ni cha kubahatisha. Tukaenda kwenye weusi karibu kamili, na kijana alinung'unika kidogo kwamba ukurasa umekuwa mzito. Nilimpa simu, nikamtoa nje kwenye jua, akasoma. Hakunung'unika tena.

Nauli zilikuwa kwenye picha, bango zuri lililochorwa na kupitishwa WhatsApp. Picha ya maandishi haiwezi kutafutwa, ikikuzwa inavurugika, na programu inayomsomea asiyeona haioni kitu ndani yake. Nauli zikahamishwa zikawa maandishi. Na ndani ya msimbo wa ukurasa, lugha ilikuwa imetajwa kuwa Kiingereza ilhali maneno yalikuwa ya Kiswahili. Kwa mwenye macho hilo halionekani, ila kivinjari humwuliza kama anataka ukurasa utafsiriwe, na programu ya kusoma skrini husoma "nauli ya Kizingitini" kwa matamshi ya Kiingereza. Kurekebisha ni kubadili herufi mbili, "en" ziwe "sw". Sijui mwandishi yupi hulitazama hilo, lakini kwa maoni yangu ni la mwandishi kabla ya kuwa la fundi: ni kusema maandishi ni ya lugha gani.

Kitufe kikubwa cha mwisho kilikuwa kinasomeka "Hifadhi naf…". Kilikuwa kimepimwa kwa neno fupi la Kiingereza.

Visanduku vilivyopimwa kabla ya maneno

Kitufe hicho kilituleta kwenye mzozo uliokuwa ukizunguka tangu mwanzo. Kijana alikuwa amechora ukurasa wote na kuujaza yale maneno ya Kilatini yaliyovurugwa, ambayo asili yake ni maandishi ya Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, na wasanifu huyatumia kushika nafasi ya maneno yasiyokuwapo bado. Kila kisanduku kikawa na ukubwa wake: hapa mistari mitatu, pale miwili. "Kaka, wewe andika tu," aliniambia kwa upole, "maneno yataingia." Naye kwa upande wake alikuwa na haki. Alipewa kazi bila maneno, na mteja alitaka kuona picha ili alipe awamu ya kwanza. Hakuna aliyemwambia kuna mto wa mikoko Siyu.

Lakini Kilatini kile hakina saa ya kuondoka, hakina sharti, hakikwami. Ukurasa uliojazwa kwacho daima hukaa sawa. Ndipo kila kisichotosha kisandukuni kinasukumwa nje, na mahali pa nje panaitwa "mwongozo". Nikiurudia mwongozo wangu wa kurasa nne, naona ulikuwa ghala la vitu vilivyokosa nafasi ukurasani.

Wapo waandishi wenzangu watakaosema: kazi yetu ni maneno, usanifu tuwaachie wenyewe. Nakubali nusu. Sikuchagua rangi, nilionyesha tu ile haisomeki. Sikupanga nafasi kati ya vitu, wala sikugusa umbo la vitufe. Kijana anayajua hayo kuliko mimi, na mwandishi anayejitia kuwa msanifu huwa kero. Ninachokidai ni mambo matatu: nini kianze na nini kifuate, masharti ya kila hatua, na sentensi za pale mambo yanapokwama. Hayo hayawezi kudaiwa mwishoni. Anayeamua kwamba video ije kabla ya saa ya boti ameshaandika sentensi ya kwanza ya ukurasa, awe anajua au hajui.

Tena si jambo geni kama linavyosikika. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ambao Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, aliuweka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, mwaka 1991, ulikuwa maandishi ya kiufundi matupu: unaeleza mradi wenyewe ni nini, programu zinapatikanaje, na mtu atatengenezaje kurasa zake. Hauna picha hata moja. Mpangilio wake ulitokana na yaliyomo. Utengano wa "wewe chora, yeye ajaze" ulikuja baadaye, na ulikuja kwa sababu za kifedha na ratiba zaidi ya sababu za kazi. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliripoti kwamba katika majaribio yake asilimia 79 ya watu walipitisha macho tu kwenye kurasa mpya badala ya kusoma neno kwa neno. Tangu hapo takwimu hiyo imetumiwa kuwaambia waandishi wafupishe. Mimi naisoma kwa namna nyingine: mtu anayepitisha macho anautegemea mpangilio umwambie kilicho muhimu, kwa hiyo asiyeshirikishwa katika mpangilio hana la kumwambia.

Wazee wa chama walikuwa na hoja yao juu ya video, nayo nimeiheshimu. Jahazi lile ni la mmoja wao, limeundwa Matondoni, na kuliona juu ya ukurasa ni fahari yao. "Mwanangu, hii ndiyo Lamu," alisema mzee mmoja, "ukiiondoa watajuaje ni sisi?" Hakuna kanuni ya usomaji inayojibu swali hilo. Lakini video ile ilikuwa ikianza yenyewe na kumlia bando abiria wa Kizingitini aliyetaka kujua saa tu. Ikashushwa chini ya fomu, ikawekwa isianze mpaka ibonyezwe, na juu ikabaki picha ndogo tulivu ya jahazi lilelile. Mzee aliikubali, ingawa nadhani hakuridhika sana.

Sasa ukurasa unaanza na swali "Unakwenda wapi?", chini yake vituo vinne, chini ya kituo saa ya leo na ya kesho, nauli, na kitufe. Namba ya ofisi iko juu kabisa, si kwa kuwa ukurasa umeshindwa, bali kwa kuwa watu wengine wanapenda kusikia sauti ya mtu kabla ya kupanda chombo cha bahari, na wana haki hiyo. Karani anasema simu bado zinaingia, ila maswali yamegeuka. Zamani walikuwa wanauliza boti ipo saa ngapi. Sasa wanauliza kama mbuzi analipiwa nauli kamili. Hilo la mbuzi halina jibu ukurasani, na manahodha wenyewe hawajakubaliana.

Lililobaki ni malipo yangu. Mhazini alitazama mkataba: mwongozo mmoja, kurasa nne, zenye picha. Akauliza, kwa adabu kabisa, mwongozo uko wapi. Nikamwonyesha ukurasa. Akasema ukurasa ulishalipiwa kwa kijana. Tulikaa barazani na kahawa na tende tukipitia rasimu yangu ya zamani, hatua kwa hatua, nami nikimwonyesha kila mstari uliopigwa ulikwenda wapi. Mwishowe alikubali kulipa, akafuta neno "mwongozo" kwa kalamu na kuandika juu yake "maandishi ya ukurasa", akaweka sahihi. Ratiba ya Ramadhani, kama boti zitaondoka mapema zaidi ili watu wafike kabla ya kufuturu, itahitaji mkataba wake, na safari hii nimeomba niitwe siku ileile anapoitwa kijana.